Alama ya Faili la Tatu

Jirani yetu mshona nguo anasema alimwona mjomba wangu, fundi wa kompyuta, kwa macho yake mawili akichomeka kidude kwenye kompyuta ya duka la dawa, na tangu siku hiyo mashine ikawa inajizima yenyewe. "Fundi yule anapanda maradhi ili aitwe kutibu," aliwaambia wateja wake, pini zikiwa bado mdomoni.

Maneno yakamfikia mwenye duka la dawa. Akatuletea mashine asubuhi, akaiweka mezani taratibu.

"Fundi, sikuiti mwizi. Nionyeshe tu kilichoharibika na kilikotoka. Narudi saa kumi. Nisiporidhika, nawaambia na wenzangu wasikuite tena."

Mjomba alicheka, lakini chai yake ilipoa bila kuguswa.

Ukaguzi akaniachia mimi. Niliishia darasa la saba, ila nasoma polepole na macho yangu hayachoki. Ndiyo maana ananiita Kobe. Ndani ya kompyuta kuna maelfu ya mafaili ya maktaba, vipande ambavyo programu nyingine huazima. Kila faili lina alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ukigusa hata nukta moja, alama yote inakuwa nyingine. Watengenezaji hutoa orodha ya alama. Faili linalolingana na orodha tunalijua, tunaliweka kando.

Mjomba mwenyewe huangalia jina na ukubwa tu. "Jina lake hilo, kimo chake hicho. Unataka na cheti cha kuzaliwa?" hunitania.

Kufikia saa nane yalibaki matatu yasiyolingana na orodha. Mawili ni ya programu ya mauzo, mwenye duka alishatueleza. La tatu lilikuwa na jina sahihi na ukubwa sahihi. Alama haikuwa yake.

Nikachomeka flashi ya mjomba, ile anayobebea programu za wateja. Faili lilelile lilikuwamo. Nikaweka rula kwenye kioo, nikasoma alama zote mbili herufi kwa herufi. Zililingana.

"Mjomba, hili la kwenye flashi ulilitoa wapi?"

"Kwa rafiki. Mtandao ulikuwa unasuasua siku ile." Akavuta kiti, akasoma mwenyewe, mara mbili. "Kumbe maradhi nimewapelekea mimi."

Karatasi yetu ya ukaguzi ina nafasi mbili: kilichoharibika, na kilikotoka. Ya kwanza nilishaijaza. Nje, mwenye duka alikuwa anamsalimia mshona nguo.

"Kobe wangu," mjomba alisema polepole, "hapo pa pili andika haijulikani."

Nikafungua kifuniko cha kalamu.