Jina la Mwenye Duka

"Mashine ine, nilinunua mimi. Meza, mimi. Hata pasi ya makaa, mimi. Alors Wenceslas anaingia hapo namna gani?"

Kavugho alikuwa amesema hayo mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Évariste, mwenye chumba cha kompyuta pale Makiso, mjini Kisangani, hakuinua macho.

"Mama, usinigombeze. Mwanamuke wa ndoa, inaomba ruhusa ya bwana. Bila karatasi, haiendelee."

"Bwana Wenceslas iko Kinshasa."

"Basi alete."

"Tangu quatre-vingt-dix-huit, miaka ine sasa! Alienda kwa juma mbili, vita ikafunga muto. Atapita wapi? Ataogelea?"

Watu waliokuwa wakingoja zamu walicheka. Évariste naye alicheka, lakini kwenye kompyuta kisanduku cha "mwenye duka" kilibaki kitupu.

Kavugho alihitaji duka lake la kushona liingie orodhani. Ilikuwa mwaka 2002, mji ulikuwa umefungwa pande zote, na kila mtu wa Kisangani mwenye kitambaa alikuwa ameshakishona. Orodha ya maduka ambayo Évariste aliiweka kwenye internet ndiyo njia pekee iliyokuwa wazi. Mtu wa mji mwingine akitafuta duka na kubonyeza jina lake, alijikuta ndani ya duka lenyewe, kwa kawaida upande wa nyuma. Mwuza dawa wa sokoni alishapata wateja tisa kutoka Bukavu, wote wamevaa sweta. Walirudi kwao kwa njia ileile, mradi waondoke kabla ya saa kumi, wakati Évariste alipozima jenereta. Wawili walichelewa, wakalala kwa mwuza dawa, na kesho yake wakaenda zao wakilalamikia mbu.

"Niandike jina la bwana," Évariste alisema mwishoni. "Ni maandishi tu, mama. Kazi inabaki yako."

Kavugho alikubali, kwa sababu Aziza, fundi wake kutoka Kindu, alikuwa amekaa siku nne bila kitu cha kukata.

Wateja walianza kufika asubuhi iliyofuata, wakitokea nyuma ya pazia la kupimia nguo. Wa kwanza alikuwa mama wa Kinshasa mwenye kitenge cha harusi. Alimtazama Kavugho, kisha akatazama nyuma yake.

"Papa Wenceslas iko wapi?"

"Mimi njo nashona."

"Bon. Nitamungoja."

Alingoja mpaka saa tisa, akarudi Kinshasa na kitenge chake. Wengine walikubali kupimwa, wakavaa, wakajigeuza mbele ya kioo, wakasema Wenceslas ana mkono mzuri. Mmoja alimwachia Wenceslas jogoo.

Siku ya tatu, saa nane mchana, Wenceslas mwenyewe alitoka nyuma ya pazia akiwa na kandambili za nyumbani.

"Nilitafuta jina langu ku internet," alisema. "Kumbe niko na duka."

Kavugho alimkumbatia. Kisha akakamata kola ya shati lake, akaikagua juu na chini.

"Nani alishona hii?"

"Fundi moja wa Kintambo."

"Hakupendi."

Aziza akamletea Wenceslas lituma ya ndizi za kupondwa na pondu ya majani ya muhogo. Wateja walisimama kumshika mkono mmoja baada ya mwingine. Wenceslas alikuwa mchuuzi wa samaki wa Ubundu na hakuwahi kuingiza uzi kwenye sindano. Alikaa kwenye kiti kizuri, akaweka sahani kwenye magoti, akaanza kupokea kazi.

"Hii, kesho. Hii pia, kesho. Mashine ile, musogeze ku mulango."

Aziza alimwangalia Kavugho. Mashine haikusogezwa.

Kavugho alimpa mumewe kalamu na karatasi ya ruhusa. Wenceslas aliisoma yote, akapangusa vidole, akamrudishia.

"Mais chérie, jina langu njo inaleta watu. Tubadilishe sababu gani?"

Hakusema kwa ubaya. Wateja waliitikia kwa vichwa kwamba ni kweli.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Kavugho alikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, akamgeukia Aziza.

"Uko na bwana?"

"Bado, mama."

"Muchumba?"

"Ezéchiel. Lakini hajaleta mahari."

"Muzuri sana. Vaa viatu."

Walitembea haraka mpaka kwa Évariste. Aliandika: mwenye duka, Aziza. Kompyuta haikuomba karatasi yoyote. Haikuuliza hata kama alikuwa na sindano.

"Na siku nitaolewa?" Aziza aliuliza.

"Tutatafuta mwingine."

"Na jina yako, mama Kavugho?" Évariste alisema. "Inabaki inje?"

"Inabaki inje. Bonyeza."

Akabonyeza.

Waliporudi, Wenceslas alikuwa amerudishwa Kinshasa pamoja na jina lake: kiti kizuri kilikuwa kitupu na sahani imekwenda na mlaji wake. Kavugho alisema angalau amekula. Kabla hajakaa, mama mmoja wa Butembo alitoka nyuma ya pazia na mita sita za kitambaa mkononi, akisema ameambiwa hapa ni kwa Mama Aziza.

"Ni hapa," Kavugho alisema. Alishika utepe wa kupimia. "Inua mikono."