Rafu Isiyo na Chuma

Jumatatu ya pili ya Machi 1996, saa tatu asubuhi, fundi Omanga aliugonga ukuta wa sebule ya Mzee Maranga mjini Migori, akaupenda. Ulikuwa ukuta wa matofali ya kuchoma, unene wa inchi tisa, plasta yake kavu, na kila alipoupiga kwa nyundo uliitika kwa sauti nzito kutoka mlangoni hadi dirishani. Kuta za namna hiyo ni chache. Nyumba nyingi za mji ule zilijengwa mbiombio, na fundi akizigonga anasikia mlio wa debe tupu.

Mzee Maranga, mwenye mashimo manne ya dhahabu kule Osiri, alitaka rafu ya mvule ya futi tisa, na alitaka isijulikane imeshikwa na nini. Aliona moja ya aina hiyo Nairobi katika ofisi ya mtu mkubwa, na tangu siku hiyo hakupata raha. Juu yake angepanga mawe manne, moja kutoka kila shimo, na jiwe la shimo la tatu peke yake lilibebwa na watu wawili.

"Sitaki kuona chuma hapa," alisema. "Mgeni akiingia aone mawe, aone mbao, basi. Ajiulize mwenyewe."

"Itawezekana, mzee. Lakini hii mzigo ni kubwa."

"Kama ingekuwa ndogo ningeita mtu mwingine."

Omanga alikwenda nyuma ya soko kwa Kerosi, Mkisii mmoja Msabato aliyelehemu vyuma siku zote isipokuwa Jumamosi. Braketi za kawaida, zile za pembe zinazokaa chini ya ubao, hawakuzizungumzia hata kidogo. Kerosi alishauri bapa refu la chuma lenye meno kama reki, lifungwe ukutani na ubao usukumwe juu ya meno hayo. Omanga alikataa. Bapa lingemlazimu kuchimba plasta yote, na jino moja likipinda, ubao mzima umeharibika.

"Basi weka nondo moja moja," Kerosi alisema. "Lakini hii ya nusu inchi itainama. Chukua ya robo tatu. Inchi sita ndani ya ukuta, inchi nane ndani ya mbao, na simiti ikauke kabisa. Usiwe na haraka, ndugu yangu. Haraka ndiyo inaangushaga rafu."

"Ngapi?"

"Mawe ya Maranga? Weka sita."

Zikakatwa nondo sita, Omanga akazitia kwenye gunia. Alikuwa fundi wa miaka ishirini na hakuna kitu chake kilichowahi kuanguka. Jambo hilo alipenda kulisema, na watu walimvumilia kwa sababu lilikuwa kweli.

Alhamisi alipiga mstari wa penseli ukutani, akatia alama sita, akaanza kutoboa kutoka upande wa mlango. Inchi nne za kwanza zilitoa vumbi jekundu la tofali. Kisha keekee ikaanza kutoa udongo mweusi, wenye maji, uliochanganyika na chembe zinazometameta. Omanga aliunusa. Ulikuwa udongo wa Osiri, wa chini sana, ule unaonuka moshi wa baruti na jasho la watu.

Alipochomoa keekee, kidole kilitokea kwenye tundu. Vikafuata vingine, kisha kiganja, ukuta ukikipisha bila kupasuka. Mkono ulitoka hadi kwenye kifundo, ukageuka kiganja juu, ukatulia. Omanga aliomba kitambaa chenye maji kwa Marcella, mke wa Mzee Maranga, akaupangusa tope. Aliupima. Ulikuwa juu ya mstari wa penseli barabara.

Kwa kuwa alama zingine zilikuwa zimeshatiwa, aliendelea. Hadi saa sita mchana mikono ilikuwa sita, mitatu ya kulia na mitatu ya kushoto, na gunia la nondo lilikuwa bado limefungwa. Marcella alisimama mlangoni na sinia la chai, akaihesabu.

"Ni ya watu watatu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kucha zao ni ndefu. Nitazikata."

Omanga aliinua ubao, akaulaza juu ya mikono, akaweka pimamaji. Povu la maji lilikwenda upande wa mlango, maana yake upande wa dirisha ulikuwa chini kidogo, kiasi cha unene wa kiberiti. Aliinama atazame mkono wa mwisho. Ulikuwa mkono wa kulia, na kidole cha kati kiliishia kwenye fundo la pili.

Kidole hicho alikikata yeye. Mwaka 1988, Job, mdogo wake, alikuwa amemshikia ubao huku yeye akikata kwa msumeno na kuongea, na msumeno ukapita pale usipotakiwa. Job alicheka kwanza kabla ya kulia. Baadaye aliacha useremala akasema afadhali dhahabu, dhahabu haina meno.

Omanga aliutua ubao chini, akakaa juu yake. Moyo ulimuuma kwa namna ambayo hakuizoea, kwa sababu ulimuuma pamoja na aibu.

Mei 1994, katikati ya mvua kubwa, Mzee Maranga alifika kisiwani Rusinga, kwao Omanga, na mifuko ya sukari na barua. Barua ilisema kwamba vijana watatu wa shimo la tatu, Job, Magige na Kemuma, waliomba ruhusa Ijumaa, wakapanda mashua kurudi makwao, na mashua ikazama. Magige ni jina la Mkuria na Kemuma ni jina la Mkisii, na wote wawili kwao hakufikiwi kwa mashua. Omanga aliyaona majina hayo. Alikuwa anajua kusoma vizuri sana. Lakini mama yao, Roseline, alikuwa amekataa chakula siku ya nne, na hangekula mpaka kuwe na kaburi. Familia ilipotakiwa kutoa mtu wa kutia sahihi kwamba imekubali habari za ziwa, Omanga alichukua kalamu.

Ziwa halikumrudisha Job, basi wakafanya kama inavyofanywa kwa mtu ambaye ziwa limemzuia. Walichukua yago, lile tunda la mwegea, refu na zito kama paja, wakalifunga shuka, wakalilaza kwenye jeneza alilolitengeneza Omanga mwenyewe, wakalililia kwa jina la Job na kulizika mahali pa Job. Roseline akala uji.

Mzee Maranga aliporudi kwa chakula cha mchana aliitazama mikono akiwa mlangoni, kisha akaisogelea.

"Itabeba?"

"Itabeba, mzee."

"Na chuma haionekani."

"Hakuna chuma. Mzee, huyu wa mwisho ni Job. Ndugu yangu."

"Job alizama," Mzee Maranga alisema bila ukali. "Barua iko kwa chifu. Wewe ndiye uliweka sahihi."

"Tufungue shimo la tatu. Nitachimba mwenyewe, sitaki unilipe."

"Utafute nani huko chini, watu wa ziwa?" Alivua kofia akaitundika kwenye msumari. "Maliza rafu yangu, fundi."

Omanga hakuimaliza. Aliushika ule mkono wa kulia akauvuta kwa nguvu zake zote, mguu mmoja ukutani, lakini haukutoka zaidi ya kifundo. Alizunguka nje. Upande wa pili palikuwa na kamba ya nguo za Marcella na ukuta mzima, usio na hata ufa. Mwili ulikuwa Osiri. Hapa palifika mikono tu.

Alimwendea chifu. Chifu alitoa faili, akasoma, akasema mtu aliyekufa maji hawezi kuwa ndani ya ukuta, na kama kuna mkono basi alete mwenye mkono aandikishe. Hakusema kwa dhihaka. Alikuwa mtu mwenye kufuata karatasi.

Rusinga nako hakupata msaada. Baba yake mdogo, Elijah, ndiye aliyebaki mkubwa wa boma, na alimsikiliza hadi mwisho akiparua magamba ya samaki wa ngege.

"Omera, ndugu, kaburi ya Job imejaa," alisema. "Tulilia, tulinyoa, tulimaliza. Ukifungua kaburi kutoa yago, unafungulia nani? Hapa kuna watoto."

"Lakini hayumo, baba."

"Jina lake limo. Ile tumezika haizikwi mara mbili."

Roseline alikuwa ameketi pembeni akichambua mtama. Aliuliza tu ukuta ule uko mbali kiasi gani kutoka barabarani, maana magoti yake hayakuwa mazuri.

Walifika Migori Jumatano iliyofuata. Marcella aliwafungulia, akapokea mkoba wa mama, akamkaribisha kwa heshima zote. Alikuwa amekonda kidogo. Alisema kwamba tangu ubao uondolewe mikono haikutulia. Ilifunguka na kufumba mchana kutwa, ikipapasa juu kama mtu anayetafuta dari gizani. Aliipa vikombe ikaviachia. Aliipa Biblia, nayo ikaiachia. Siku hizi alikuwa anakula jikoni.

Hivyo ndivyo walivyoikuta. Mikono sita ilisukuma hewa kwenda juu, pamoja, ikashuka, ikasukuma tena. Mtu yeyote aliyewahi kuingia shimoni angejua inachofanya. Ilikuwa inazuia mwamba usishuke, nao mwamba haukuwapo.

Roseline aliuendea mkono wa mwisho bila kuonyeshwa. Aliushika kwa mikono yake miwili, nao ukapunguza kusukuma lakini haukuacha.

"Nyathina," alisema. "Mwanangu. Kumbe hukulowa."

Alikaa nao hivyo hadi chai ikapoa. Mzee Maranga alirudi, akamwamkia kwa adabu, akaketi kwenye kiti chake. Roseline alimwomba Job. Hakulia, hakupiga kelele. Alimwomba kama mtu anavyomwomba jirani jembe lake lililokaa muda mrefu.

"Mama, ningekuwa naye ningekupa," Mzee Maranga alisema. "Mimi nina ukuta tu."

Omanga alisema angeubomoa huo ukuta. Mzee Maranga alimjibu kwamba auvunje akitaka kulala jela, na akiuvunja atapata matofali. Hilo Omanga alilijua, na ndilo lililomvunja nguvu.

Roseline aliendelea kuutazama mkono ukipanda na kushuka. Jasho lilikuwa limeanza kutoka kwenye kiganja.

"Anachoka bure," alisema. "Omanga, mrudishie ubao."

"Mama, siwezi."

"Hujui kazi yako? Mpe kitu cha kushika. Mikono mitupu namna hii mimi sitaiacha huku nyuma nikaenda kulala kwangu."

Basi Omanga akachukua ubao. Aliupiga randa upya ingawa haukuhitaji, akaulaza juu ya mikono mitano, na mitano hiyo ikatulia mara moja. Kisha alichagua kipande cha mvule kisicho na fundo, akakichonga kwa patasi hadi kikawa na unene wa kidole, akakipitisha msasa mara tatu ili kisimuumize mtu. Alikiweka kwenye kiganja cha Job, mahali pa kidole kilichokosekana. Kabla hajautoa mkono wake, ule mwingine ulifumba. Kidole gumba kilipita juu ya kovu la nyundo kwenye kifundo cha Omanga, kovu ambalo Job alilijua tangu utotoni, kikakaa hapo.

"Nisamehe, omera," Omanga alisema.

Mkono ulifunguka, ukajipanga chini ya ubao.

Walipandisha mawe moja baada ya jingine, na jiwe la shimo la tatu wakaliinua Omanga na Mzee Maranga, likakaa upande wa dirisha kwa kuwa ndipo mwanga ulipolipata vizuri. Mishipa ilitokeza kwenye vifundo vya mikono. Omanga aliweka pimamaji. Povu lilitembea kidogo, likasimama katikati.

Mzee Maranga alirudi nyuma hadi mlangoni ili aone kama mgeni anavyoona. Hakuna chuma kilichoonekana, na kutokea pale mlangoni mikono ilifichwa na kivuli cha ubao.

"Kazi safi," alisema, naye alikuwa anasema kweli.

Rafu hiyo haijaanguka.