Nani Anawakanyaga Wenzake Hewani

Siku Hamsa alipoleta sufuria la biriani kwenye mkutano wa klabu, Kuruvila alikula sahani mbili na kila tonge lilimkaba kooni. Biriani ilikuwa tamu, tena tamu kwelikweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Ingekuwa mbovu, angalau angepata la kusema. Wanachama wa Klabu ya Redio ya Meenachil, watu wazima na akili zao, walimzunguka Hamsa pale ukumbi wa maktaba, meno yote nje, wakimuuliza habari za redio mpya aliyorudi nayo kutoka Dubai. Redio ya kioo, jamani, kioo cha rangi, inayokuonyesha aliko mtu hewani hata kabla hujamsikia. Redio ya Kuruvila ilikuwa ya kuunda mwenyewe ndani ya bati la biskuti, na kwa redio hiyo alishaongea na mtu wa Brazili. Siku ile hakuna aliyemuuliza habari za Brazili.

Lakini tusidanganyane. Redio aliweza kuivumilia, na biriani aliila. Kilichomla roho ni kwamba Vasavan alikuwa amekaa ubavuni kwa Hamsa, anamchambulia mifupa ya kuku huku akicheka, na kiti cha upande wa Kuruvila kilikuwa kitupu.

Vasavan na Kuruvila walianza kazi pamoja ofisi ya simu za maandishi, vijana hata ndevu hazijajaa, wakigonga habari za misiba na harusi za watu kutwa nzima. Ofisi ilipofungwa walistaafu, lakini vidole havikustaafu. Kila mmoja alifunga waya wake wa redio nyumbani, Kuruvila kati ya mnazi na mfenesi, Vasavan juu ya paa lake ng'ambo ya mto, na kila asubuhi kabla ya chai walikutana hewani wakaongea kwa kugonga, nukta na vistari, kama zamani. Simu za mkononi walikuwa nazo, ila simu ni ya kumwita fundi wa bomba. Mambo yao waliyapitisha kwenye kigongeo. Na walipoagana, mmoja aligonga mara mbili, ti ti, na mwenzake akajibu, ti ti. Hiyo ni adabu ya wagongaji wote duniani. Kuiacha bila jibu ni sawa na mtu kupiga hodi mlangoni kwako ukanyamaza.

Na Kuruvila alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote wilayani. Akigonga, ni kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Alijua hivyo, na alipenda watu wajue.

Tangu mvua zilizopita, Vasavan alianza kumbadilikia. Kuna asubuhi Kuruvila alimgongea jambo zito, jambo ambalo hata kwa mkewe alikuwa hajalisema vizuri: mwanawe Sibi amenunua nyumba Kanada na amesema harudi tena. Vasavan akajibu: vizuri sana, mpe hongera. Kuruvila alikaa pale na visikizio masikioni, haamini. Baada ya hapo akaja huyu Hamsa, amefungua duka la mapazia sokoni, anataka kujifunza kugonga, na Vasavan akasema asubuhi zake atampa Hamsa kwa muda, maana mgeni anahitaji mtu wa kufanya naye mazoezi. Ule muda haukuisha.

Kwa hiyo Kuruvila akawa anasikiliza. Angefanya nini? Kila asubuhi alivaa visikizio akawategea sikio. Hamsa aligonga herufi moja, akapumua, akatafuta nyingine. Mpaka amalize kusema goti la mama yake limevimba, chai imepoa na kutengeneza utando. Mambo yenyewe ya kipuuzi: bei ya pilipili manga, kitambaa kilichofifia juani, paka aliyezaa dukani. Na Vasavan, mtu aliyewahi kupokea simu za maandishi mbili kwa wakati mmoja, anamngojea, anamjibu taratibu, anamwambia rudia ndugu yangu, usiogope. Halafu anacheka. Wagongaji wana namna yao ya kucheka, milio mifupi mifupi inayofuatana, na Kuruvila aliijua ile ya Vasavan kuliko anavyojua sauti ya mkewe. Kile kicheko kilikuwa mali yake. Sasa kinagawiwa muuza mapazia.

Asubuhi moja aliweka kidole juu ya kigongeo, akakandamiza, hakuachia. Hewani ukatoka mluzi mmoja mrefu, ukawafunika wote wawili, goti la mama na kila kitu. Wagongaji huita hivyo kukanyaga, na hakuna ubaya mkubwa zaidi ya huo kati yao. Alijiambia kidole kimepumzika tu. Alipoachia aliwasikia wakiulizana kilichotokea, na moyoni akapata raha ambayo hakuwa ameipata kwa miezi. Kesho yake kidole kikapumzika tena. Na keshokutwa.

Mkewe, Aleyamma, hakujua kugonga wala hakutaka kujua, lakini masikio alikuwa nayo. Alimuuliza siku hizi anaongea na nani, mbona zamani alisikia milio na sasa ni mluzi mmoja tu kama birika limesahauliwa jikoni. Kuruvila akasema anapima waya. Aleyamma akasema waya gani huo unaopimwa kila siku kama presha ya mgonjwa. Kuruvila akanywa chai.

Mkutano wa mwezi uliofuata, katibu alisoma habari za klabu kama kawaida. Katibu ni Leelamma, mwalimu wa fizikia, mama asiyependa upuuzi. Akasema chakula cha maadhimisho ya klabu kitaliwa uwanja wa shule, kila nyumba ilete chungu chake. Mathai amepata kadi ya salamu kutoka kwa mgongaji wa Japani, na waya wake umeangushwa na tawi la mfenesi, anaomba vijana wa kupanda. Watu wakacheka, Mathai mwenyewe akacheka. Kisha Leelamma akavua miwani.

Alisema kuna mtu anawakanyaga Vasavan na Hamsa kila asubuhi, na si mitambo mibovu, ni mtu, maana anaanza wanapoanza na kuacha wanapoacha. Klabu ina mchezo wake wa kila mwaka uitwao kuwinda mbweha: mmoja anajificha vichakani na redio ndogo, wengine wanamsaka kwa eriali za mkononi zinazoonyesha mlio unatoka upande gani. Mwaka huu, alisema Leelamma, hatutamficha mtu. Jumapili asubuhi tutamsaka huyu. Na kiongozi wa msako hana haja ya kupigiwa kura, bingwa wetu wa miaka yote yupo, Kuruvila.

Wakampigia makofi. Kuruvila alisimama, akainamisha kichwa kushukuru, jasho likimteremka mgongoni. Huyo mbweha angejulikana, klabu ingemfukuza na leseni yake ya redio ingekwenda, na hayo yote angeyameza. Ambalo hakuweza kulimeza ni Vasavan kujua. Alimtupia jicho. Vasavan alikuwa pembeni, anamtazama Leelamma mdomoni kwa makini.

Wakati wa kutoka, Hamsa alimshika mkono mlangoni.

"Kaka Kuruvila, ukimpata, usimfokee. Nataka nimuulize tu nimemkosea nini."

Kuruvila alisema atapatikana. Alitembea mpaka nyumbani akimchukia yule mtu kwa upole wake. Angekuwa na kiburi kidogo, hata kidogo tu, mambo yangekuwa rahisi.

Usiku ule aliapa basi, ameacha. Na asubuhi alivaa visikizio kwa kusikiliza tu, mikono ameikunja mapajani kama mtoto wa shule. Hamsa akasimulia, kwa zile hatua zake za kobe, kwamba mteja amerudisha mapazia kwa sababu mumewe anasema kila akifungua macho asubuhi anaona sari ya mama mkwe. Vasavan akacheka. Akacheka kirefu, akanyamaza, akacheka tena. Kuruvila damu ikampanda. Mkono ukaondoka pajani ukakandamiza, na safari hii alikandamiza kwa hasira zake zote, mpaka wenzake wakachoka kujaribu.

Akaachia. Kisha Vasavan akagonga neno moja: kesho. Akaaga. Ti ti.

Na mkono wa Kuruvila ukajibu. Hakuutuma. Ungemwamsha usingizini ukamgongea ile ti ti ya kuaga ya Vasavan, angejibu, maana amejibu hivyo asubuhi za nusu ya maisha yake. Ti ti, haraka, safi, Vasavan hata hajamaliza. Kuruvila alivua visikizio akavitupa mezani kama vimemuunguza, akabaki anautazama mkono wake. Adabu tu ndiyo iliyomponza.

Muhogo wa kifungua kinywa ulikuwa bado motoni skuta ya Vasavan ilipoingia uani. Aleyamma alimkaribisha kwa furaha, akasema shemeji umetupotea, akawaletea chai na kurudi jikoni. Vasavan aliketi kibarazani, akakoroga chai isiyo na sukari ya kukorogwa.

"Ni wewe," alisema.

Kuruvila alifikiria kukana. Kukana kungechukua pumzi ambayo hakuwa nayo.

"Umejuaje?"

"Duniani kote ni wewe peke yako unayenijibu kabla sijamaliza kuaga. Kwa nini, Kuruvila?"

Hapo donge lote likapasuka. Kuruvila akasema asiulizwe kwa nini, aulizwe yeye aliyemtupa mtu wa miaka yote kwa ajili ya muuza mapazia mwenye redio ya kioo. Akasema amesikiliza kila asubuhi, goti, paka, pilipili manga, vyote, na vile vicheko. Sauti ilimpanda mpaka kuku wakaondoka uani.

"Mimi nakwambia mwanangu harudi, unanipa hongera. Huyu wa kutoka Dubai paka wake akizaa, unauliza wangapi."

"Nani harudi?"

"Sibi! Nilikwambia wakati wa mvua."

Vasavan aliweka kikombe chini. Alimtazama mwenzake usoni, kisha mdomoni, na Kuruvila akaona alivyomwinamia, sikio moja mbele, kama wazee wanavyofanya kanisani mahubiri yakiwa mbali.

"Sikujua," alisema. "Masikio yamekwisha, ndugu yangu. Yalianza mwaka juzi. Wewe ukigonga nakusikia kama mvua juu ya bati. Najua ni wewe, sijui unasema nini. Nimekuwa nakujibu kwa kukisia. Vizuri. Hongera. Wasalimie nyumbani. Hamsa anagonga moja moja, na zote nazipata. Ndiye mtu pekee ninayeweza kuongea naye, na wewe ukamfunika."

Kuruvila alikosa pa kuweka macho. Aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakumwambia apunguze mwendo, na ikabidi aulize tena kwa sauti kubwa.

"Nikwambie wewe? Uliyekuwa ukiwacheka makarani wa mji wa Kollam mbele ya ofisi nzima, ukisema wanagonga kama wanachimba kaburi? Niliona aibu."

Wakaingia ndani. Kuruvila aliketi mbele ya bati lake la biskuti, akampa Vasavan visikizio, akajaribu kugonga polepole. Alitaka kusema nisamehe. Herufi ya kwanza ilitoka polepole, ya pili ikakimbia, na zilizobaki zikamwagika kama zamani. Vasavan akatikisa kichwa. Akarudia, na mkono ukamponyoka tena. Mkono uliosifiwa maisha yote haukujua kutembea. Alijaribu tena na tena, mpaka Vasavan akavua visikizio taratibu, akaviweka mezani.

"Nenda kwa Hamsa akufundishe," alisema, na hakuwa anatania sana. "Ya Jumapili ni yako. Mimi sitasema neno."

Skuta ikaondoka. Aleyamma akaleta muhogo na samaki, hakuna wa kula.

Jua lilipopanda Kuruvila alitembea mpaka sokoni. Hamsa alikuwa anapima kitambaa cha kijani kwenye meza ndefu, futi shingoni, na alipomwona alikunjua uso wote, akavuta kiti, akaagiza chai kwa jirani, akauliza kama amekuja kupanga habari za msako. Kuruvila hakukaa. Alisema amekuja kuomba afundishwe kugonga polepole.

Hamsa alicheka, akidhani ni utani wa wakubwa. "Kaka, mimi nikufundishe wewe?"

"Vasavan hasikii tena mwendo wangu. Wako anausikia. Na jambo jingine. Waambie watu Jumapili walale majumbani mwao. Mnayemsaka ni mimi."

Mkasi ulibaki wazi mkononi mwa Hamsa. Chai ililetwa, ikawekwa, aliyeileta akaondoka. Hamsa aliuliza lile lile alilosema atauliza, nimekukosea nini, na aliuliza kwa upole ule ule uliomchosha Kuruvila.

"Hujanikosea kitu. Nilikuonea wivu," alisema Kuruvila. "Na hivi nimesimama hapa, nakuomba, bado nakuonea."

Hamsa alikata kitambaa mpaka mwisho, akakikunja, akakisukuma pembeni. Kisha akagonga mezani kwa kidole, polepole kabisa, herufi ya kwanza ya jina la Vasavan, akamngojea Kuruvila aifuate.