Karai la Diski

Harufu ya samaki ilipojaa nyumba, Cucu, nyanya yake Wacera, aliziba pua kwa kitambaa. "Mnanipikia nyoka?"

"Ni tilapia, Cucu," Wacera alicheka, akivibiringisha vipande kwenye unga. "Wa Kichina."

Mama alikuwa ameomba mlo huo tu: samaki wa Gichuru. Mumewe huyo, fundi wa jua kali kule Huruma, aliwahi kurekebisha majiko ya hoteli ya Mchina mjini, akarudi na mapishi kichwani. Samaki hukaangwa akakauka, kisha humwagiwa mchuzi wa siki, sukari, tangawizi na hoho. Makarai ya dukani hayakumridhisha, akajitengenezea lake kwa diski kuukuu ya plau, tundu la katikati akaliziba kwa kiraka cha pembe nne. Baada ya uchaguzi wa 2007 nyumba yao ya Munyaka ilichomwa, na Gichuru akauawa akiwafuata kambini walikokimbilia. Miaka sita baadaye walikuwa wamejenga palepale, ila samaki wake hakuna aliyethubutu kumpika hadi siku hiyo.

Tata Njambi, dada ya Gichuru, ndiye aliyeleta karai ndani ya gunia. "Visufuria vyenu ni vya chai," alisema, akalibandika jikoni na kumimina mafuta.

Wacera alitumbukiza vipande viwili vya kwanza. Mafuta yalipotulia, akakiona kiraka.

"Tata, hii karai umetoa wapi?"

"Nyumbani. Geuza samaki, ataungua."

"Ni ya Baba."

Njambi alishusha pumzi. "Niliichukua kabla wachome. Ungetaka niiache iungue?"

"Na ukanyamaza?"

"Ningeanzia wapi, Wacera? Kila mwaka ilizidi kuwa ngumu."

Wacera alimkumbuka Mama amepiga magoti, anachekecha majivu kwa ungo, akitafuta hata kifungo cha shati la mumewe. Njambi alikuwa amemshika bega, wanalia pamoja. Kisha akaenda zake kukaanga mandazi ya kuuza. Mafuta ya mandazi hayo yalikuwa yameganda nje ya karai, meusi, mazito kama gaga la kidonda.

Njambi alidokoa kipande, akakitafuna, akalamba vidole kimoja kimoja. "Kama wa ndugu yangu kabisa!"

Wacera alishika karai kwa matambara, akatoka nalo, akamwaga mafuta na samaki mtaroni. Karai lilipopoa, akachota majivu na kuanza kusugua.

Mama alisimama mlangoni, macho yamemwiva. Alikuwa amesikia yote. "Rudi umwombe tata wako msamaha. Ni damu ya baba yako."

"Njambi," Cucu aliita kutoka ndani, akimwambia bintiye, "heri hiyo nyoka kuliko wewe."

"Samaki wamebaki, Mama," Wacera alisema. "Hii ikitakata, nitakukaangia."

"Nimesema umwombe msamaha."

"Siombi."