Vibao Viwili vya Marehemu Mama

Mama yao alipofariki, dada na mdogo wake, mafundi cherehani wote wawili, waligombea jina la duka. Hakuna aliyekubali kuliacha. Basi kila mmoja akafungua duka lake, wakitazamana barabarani, na vibao vyote viwili vikaandikwa "Ushonaji wa Mama". Wateja walishazoea: sare za shule kwa dada, magauni ya harusi kwa mdogo.

Lakini dereva wa tajiri wa vitambaa alikuwa mgeni. Alisoma kibao, akashusha jora la satini nyeupe mlangoni kwa dada.

"Mzigo wenu huu, mama."

Dada alijua fika ni wa nani. "Weka hapo," akasema.

Alipobaki peke yake alilipapasa lile jora, roho ikamuuma. Maharusi wote wanavuka barabara kwenda kule, na nani aliyemfundisha yule kutunga uzi? Akafunga mlango, akachora kwa chaki, akakata. Gauni likamshinda. Lilivutana kifuani kama gunia.

Mdogo mtu alipodai satini aliyokwisha kuilipia, kesi ikafika kwa mwenyekiti wa soko, na gauni likawekwa mezani.

"Mimi mzigo nilipeleka, ukapokelewa," tajiri alifoka. "Nidaiwe nini tena?"

"Ukapokelewa na nani?" mwenyekiti akauliza. "Mzigo ulioshushwa kwa mtu mwingine haujamfikia mnunuzi. Mpelekee mnunuzi mzigo mwingine. Huu uliokatwa, mdai aliyeukata, kama alijua si wake."

Tajiri akamgeukia dada. "Wewe na kaptura zako, satini ya nini? Kuna mwanafunzi anaolewa?"

Watu wakaangua kicheko.

"Hakujua," mdogo mtu akadakia. "Nilimwahidi dada kitambaa. Alidhani ndicho hicho."

Ahadi hiyo haikuwapo. Dada aliinamisha uso, ukimwaka moto. Asubuhi alikuwa amepiga magoti akimwomba Mungu amwondolee kijicho. Hakuomba kusitiriwa na huyu, tena mbele za watu. Hata kwa wema amenizidi!

"Nilijua," akasema. "Nitalipa mimi."

"Dada, si ungenyamaza tu!"

"Ninyamaze, halafu nitembee mjini nikiwa nimefichwa na wewe? Hapana."

Mwenyekiti akakubali alipe kidogo kidogo, na tajiri akaondoka akinung'unika kwamba sasa ana mzigo wa pili wa kupeleka.

Walipotoka nje, mdogo alilikunjua lile gauni. "Umebana kwapani, dada yangu. Njoo nikufumulie."

Dada alitaka kukataa. Akamfuata.

Alikaa kwenye kigoda akitazama sindano ikipanda na kushuka. Alitafuta mshono mmoja tu uliopinda. Akatafuta tena, akainama karibu kabisa na kitambaa.

"Ee Mungu, bado hujaniondolea," akanong'ona.

"Unasemaje, dada?"

"Nasema mshono wako umenyooka."