Zimwi la Selly Oak

Kaka yangu Idarous ana uso mzuri, na miaka yote aliyoigiza hakuna aliyeuona kwenye filamu. Huku ughaibuni, wanafunzi wa mtaa wa Selly Oak walikuwa wakitengeneza filamu zisizo na sauti, na humo zimwi alikuwa yeye, kibyongo yeye, maiti aliyefufuka yeye. Uso alijitengenezea mwenyewe kwa nta na gundi, na pamba akiisokomeza puani mpaka pua itutumke. Baba hakukosa kwenda kutazama. Hukaa mbele, akaniuliza, "Mize, Idarous yuko wapi?" Nikimwonyesha zimwi, hucheka na kutikisa kichwa. Haamini; mwanawe anamjua mwenyewe.

Baba alifariki Jumatatu. Tuliambiwa karatasi za maziko hazitatoka mpaka wiki ijayo, basi Idarous akaenda kumalizia filamu yake, maana nyumbani hakukaliki. Alhamisi asubuhi zikatoka. Baba angesaliwa adhuhuri, na mtoto wa kiume ni mmoja tu, ndiye wa kusimama imamu. Nikaendesha gari mbiombio hadi Selly Oak, nikalikuta zimwi mlangoni, gundi imeshakauka na dawa ya kuitolea imekwisha.

Nilimkasirikia mno. Maji yasipofika kwenye ngozi, udhu hautimii. Hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Njia nzima alikuwa akijisugua kwa mafuta yangu ya nywele, akijitazama kiooni, akiuliza saa. Tulipofika Bordesley Green tukakuta foleni, magari hayaendi. Nikaacha usukani, nikaanza kumbandua kwa kucha.

"Vuta tu, Mize," akasema. "Skin itaota tena."

Nikavuta. Nyusi moja ikaja nayo. Nililia kwa hasira, na kwa baba, na kwa ile nyusi.

Msikitini alitia udhu mara mbili, akijipapasa mashavu kwa vidole kuhakikisha hakuna kilichobaki. Uso ulikuwa mwekundu, umechubuka, lakini ulikuwa wake. Tukaingia chumba cha kuagia. Wakaifunua sanda usoni.

Baba alikuwa amekwishaoshwa, taya limefungwa, mashavu yamebonyea, pamba puani. Idarous akainama, akamtazama sana. Akageuka akatazama mlangoni, akatazama kila pembe ya chumba.

"Mize," akaninong'oneza, "baba yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, kisha akaenda mbele kusalisha.