Mikono Nyuma ya Pazia

Kinyaa chenyewe kilianzia kwenye ndoo. Mama Usafi ameosha vyoo vya bweni la wavulana miaka nenda miaka rudi, na hakuna uchafu wa binadamu ambao hajaukunjia mikono ya gauni. Lakini ile ndoo iliyowekwa pembeni mwa jukwaa, lo! Mayai viza, uji uliochacha, unga na rangi ya kijani, vyote vimekorogwa kwa mpini wa ufagio wake mwenyewe, na hakuna hata aliyemwomba. Mshindani akikosea, anamwagiwa kichwani. Ukumbi mzima ulikuwa unaishangilia ndoo kabla hata mtu hajakosea. Watu na akili zao, na vitabu vyote walivyosoma, wanakaa kusubiri mwenzao amwagiwe mayai viza! Na nani atadeki baadaye? Si hao wanaopiga miluzi.

Leo lakini hakuja kudeki. Alikuwa amekaa nyuma ya pazia pamoja na wanawake wengine watatu, kavaa gauni aliloazimwa na shoga yake anayesafisha bweni la wasichana, viatu vinambana, mkono wake wa kulia kaupitisha kwenye tundu la pazia. Mchezo wenyewe unaitwa Mjue Mama. Mwanafunzi anafungwa kitambaa machoni, anapapasa mikono minne, anachagua wa mama yake. Wale wengine watatu walikodiwa na mtangazaji ili kumchanganya mshindani. Mama halisi alikuwa yeye.

Mtangazaji alimpigia simu juzi. "Mama, mwanao ataruka kwa furaha! Hajui kama tumekualika!" Hakujua kwamba mama huyo anadeki ukumbi uleule, na Mama Usafi hakumwambia. Kulikuwa na jambo hapo. Mwanawe alipoanza chuo hapahapa alimvuta kando, nyuma ya matangi ya maji, akamwambia: "Mama, tukikutana huku, usiniite mwanangu. Watanicheka." Mama Usafi alicheka, akadhani ni utoto tu, utapita. Haukupita. Wamekuwa wakipishana koridoni, yeye na ndoo yake, mtoto na marafiki zake, na mtoto anaangalia dari. Marafiki hao wameambiwa mama yake ana duka la vitambaa mji mwingine. Duka! Vitambaa alivyonavyo ni vya kudekia.

Kwa hiyo alipoitikia mwaliko alikuwa na lake moyoni. Alitaka kitu kimoja tu, mtoto amshike mkono mbele za watu aseme huyu ndiye. Baada ya hapo wacheke wanavyotaka, hata wagaragare.

"Bingwa wetu huyo!" mtangazaji alipaza sauti. "Mama yako mzazi yuko nyuma ya pazia hili! Ukimpata, pikipiki hii ni yako! Ukimkosa..."

"Ndoo! Ndoo! Ndoo!" ukumbi ukaitikia.

Mama Usafi alisikia viatu vya mtoto vikiburuzika upande wa pili wa pazia, vya ngozi, alivyomnunulia mwenyewe. Mtoto akapapasa mkono wa kwanza, watu wakazomea. Akapapasa wa pili, mkono laini wa mwanamke aliyenukia manukato, kisha wa tatu. Halafu akaufikia wake.

Ulikuwa mkono uliokakamaa kwa dawa za kusafishia, na kidole gumba kimepinda. Kilipinda siku mtoto huyuhuyu, akiwa mdogo, alipokibana na mlango. Tangu hapo akawa halali mpaka akishike, akisugue taratibu hadi usingizi umchukue. Sasa vidole vyake vilifika pale kilipopinda, vikasita. Kisha vikakisugua, polepole, vilevile kama zamani. Mama Usafi machozi yakamlengalenga. Kanijua, alijisemea. Mwanangu kanijua.

"Huyu siye," mtoto akasema. "Ni yule wa pili."

Ukumbi ukalipuka. Ingekuwa hasira iliyompanda Mama Usafi, afadhali. Ungekuwa uchungu, angelia yakaisha. Hiki kilikuwa kinyaa, kama cha kushika kitu kilichooza bila glavu. Akaurudisha mkono wake na kuufuta kwenye gauni la watu.

Ndoo ikamwagwa, harufu ikapenya mpaka nyuma. Mtoto akafunguliwa macho, pazia likavutwa.

"Aaa, Mama Usafi! Naye yumo!" wanafunzi walipiga yowe, mbavu hawana.

Mtangazaji alimwinua Mama Usafi kwa mkono, mate yanamruka. "Kumbe mama mzazi ndiye huyu hapa! Mama, hebu waambie, huyu si mwanao?" Akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

Kicheko kikakatika. Mtoto alisimama pale anatiririka ukijani, ute wa yai unaning'inia sikioni, kamtolea mama yake macho. Mama Usafi alikielewa vizuri sana alichokuwa akiomba mtoto. Neno moja tu lingetosha kumvua nguo mbele ya chuo kizima.

"Huyu?" alisema. "Huyu mimi namwoshea choo tu."

"Lakini mama, si nilikupigia simu mimi mwenyewe?"

"Basi ulikosea namba, mwanangu."

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mtangazaji, asiyejua kuona haya, naye akacheka, akaita mshindani mwingine.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Mama Usafi alikuwa kesharudia ovaroli yake, kapiga magoti na tambara mkononi. Mtoto akaja. Aliangalia nyuma kwanza kama kuna mtu, ndipo akasogea, bado ananuka.

"Mama," alinong'ona. "Asante. Umeniokoa. Nilijua tu utanielewa."

Asante! Hata haya hana! Mama Usafi alimtazama mtoto aliyemzaa na kumbeba mgongoni, akatafuta ndani yake la kumwambia, akakuta kinyaa kimejaa hadi juu. Akachovya tambara kwenye maji, akalikamua.

"Sogea, kijana," alisema. "Nideki hapo."